Mwenda Kwao Si Mtoro: Walimu wa Kujitolea, Kuaga Kwao, na Waliobaki Darasani

Vitabu vya kumbukumbu za sharika vina desturi ya kueleza kwa kirefu habari za waliofika. Jina la mmisionari wa kwanza huandikwa, na mwaka aliopiga hema, na mti aliokaa chini yake akafundisha watoto kusoma. Habari za kuondoka huwa fupi. Husemwa tu kwamba mwaka fulani mwalimu yule alirejea kwao, na sura mpya ikaanza. Lakini kwa watoto aliowaacha mambo hayakuwa mepesi kiasi hicho. Kesho yake asubuhi kengele iligongwa, wakaingia darasani, na ilibidi mtu fulani asimame mbele yao. Historia ya elimu katika Kanisa na katika taifa ingeweza kuandikwa kwa swali hilo moja: kesho yake alisimama nani?

Swali hili linafaa kuulizwa katika mwaka wa jubilei. Usharika unaotimiza miaka 100 katika miaka hii ulizaliwa katika miaka ya 1920, wakati ambapo wamisionari wengi wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kuondolewa nchini au ndio kwanza wameanza kurudi. Linawahusu pia wageni wa Dayosisi, ambao miongoni mwao wamo waliowahi kuja kufundisha kwa kujitolea, na waliowahi kuwasindikiza wenzao wakirudi makwao. Wahenga walisema, mwenda kwao si mtoro. Anayerudi kwao hana kosa, wala hapaswi kuulizwa kwa nini ameondoka. Anachoweza kuulizwa ni namna alivyoondoka, na amemwachia nani kazi.

Kurasa hizi zinafuata kuaga kwa aina tatu: kuaga kwa amri ya vita, kuaga kwa uamuzi wa taifa huru, na kuaga kwa kumalizika kwa muda, kama kunavyojulikana katika shule za Pemba, huko Mtambile.

Walioondoka kwa amri

Misioni ya Leipzig ilianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Tangu mwanzo kanisa na shule vilikwenda pamoja. Mahali pengi jengo lilikuwa moja, na aliyefundisha alfabeti siku za juma ndiye aliyesoma Neno siku ya Jumapili. Mwaka 1912 chuo cha walimu kilianzishwa Marangu. Wamisionari hao hawakuwa watu wa kujitolea kwa maana inayotumika leo. Walitumwa na chama chao, na wengi walitazamia kuishi na kuzikwa mlimani. Kwa sababu hiyo hawakujiandaa kuaga.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, matazamio hayo yalivunjika. Waingereza waliingia Moshi mwezi Machi 1916, na mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa nchini. Walioruhusiwa kubaki ni wachache tu wenye asili ya nchi za Baltiki, ambao hawakuhesabiwa kuwa raia wa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 438, ulikuwa umeagiza kwamba mali za misioni za Kijerumani ziwekwe chini ya wadhamini wa imani ileile. Majengo na mashamba yalipata wadhamini kwa maandishi. Watoto wa shule na wanafunzi wa ubatizo hawakuandikiwa kifungu.

Wadhamini wao walikuwa walimu wazawa. Hao ndio waliogonga kengele siku iliyofuata. Walifundisha kusoma na kuandika, wakaongoza ibada, wakawafariji wafiwa, wakawaandaa vijana kwa ajili ya Kipaimara, na mshahara wao ulikuwa mdogo au haukuwapo kabisa. Walutheri kutoka Marekani walipokuja kusaidia kuanzia mwaka 1922, hawakuanza upya. Walikuta watu wanaokutana na shule zinazosomesha.

Hata hivyo ukweli wa jambo hili una upande wa pili, na kitabu cha jubilei hakipaswi kuuficha. Mwaka 1920 hapakuwa na Mchagga hata mmoja aliyekuwa amebarikiwa kuwa mchungaji. Baada ya miaka 27 ya kazi, walimu wazawa walikuwa wameachiwa mzigo wote, lakini hawakuwa wameachiwa mamlaka yote. Waliweza kumfundisha mtu njia ya kwenda kwenye Meza ya Bwana. Kumpa mkate na kikombe hawakuruhusiwa. Wachungaji wa kwanza wazawa wa Kilimanjaro walibarikiwa mwaka 1934. Waliowatangulia hawakuwa na nia mbaya. Walidhani muda ungalipo, na anayedhani hivyo huahirisha kukabidhi.

Tofauti ilionekana mara ya pili. Wajerumani walikuwa wameanza kurejea katikati ya miaka ya 1920, na mmoja wao, Bruno Gutmann, aliyefika mara ya kwanza mwaka 1902, alifanya kazi Old Moshi hadi alipoaga mwaka 1938. Mwaka uliofuata vita vingine vilizuka, na wamisionari wa Kijerumani wakawekwa kizuizini. Kanisa liliachwa tena, lakini safari hii halikuachwa kama lilivyoachwa mwaka 1920. Lilikuwa na wachungaji wake. Kutoka katika safu ya walimu alitokea Stefano Moshi, aliyebarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1949, akawa askofu mwaka 1960, na tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, akawa kiongozi wake wa kwanza.

Walioondoka kwa uamuzi wa taifa

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ikiwa na upungufu mkubwa wa walimu wa sekondari. Katika miaka hiyohiyo nchi tajiri zilianza kutuma vijana wao kufundisha ng'ambo. Uingereza ilikuwa na VSO tangu mwaka 1958. Marekani iliunda Peace Corps mwaka 1961, na mwaka huohuo ukaanza mpango wa Walimu kwa Afrika Mashariki uliosimamiwa na Chuo cha Ualimu cha Columbia, New York. Baadhi ya walimu wa mpango huo walipata mafunzo yao ya ualimu Makerere kabla ya kupelekwa Kenya, Uganda na Tanganyika.

Hapa ndipo ilipoanza aina ya mwalimu inayojulikana leo: kijana, mara nyingi mara tu baada ya kutoka chuo kikuu, anayepewa posho ya kujikimu badala ya mshahara, na anayejua tangu siku ya kwanza kwamba baada ya miaka miwili hivi ataondoka. Mmisionari wa Leipzig alishtushwa na kuaga. Mwalimu huyu wa pili alikuja na tarehe ya kuaga mfukoni.

Ilionekana mapema kwamba kujua tarehe si kujiandaa. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akiuliza shule zinamlea mtoto kwa ajili ya jamii ipi. Ikiwa shule ndiyo inayojenga moyo wa taifa, ilikuwa vigumu kueleza kwa nini darasa likabidhiwe kijana wa taifa jingine. Vita vya Vietnam navyo viliongeza ubaridi kati ya serikali mbili. Mwaka 1969 Peace Corps iliondoka Tanzania, na ikarudi miaka kumi baadaye, mwaka 1979.

Katika kipindi hicho taifa lilijibu swali la kesho yake kwa namna yake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, na mwaka 1977 mpango huo ukaanza kutekelezwa nchini kote. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu hukohuko vijijini, wakijifunza huku wakifundisha. Wengi walilalamika kwamba kiwango kilishuka, na malalamiko hayo hayakuwa ya uongo. Lakini darasa lilikuwa na mwalimu, na mwalimu huyo hakuwa na tiketi ya kurudi popote. Alikuwa kwao. Kati ya mwalimu hodari anayepita na mwalimu wa kawaida anayebaki, taifa lilichagua wa pili, kisha likahangaika miaka mingi kumwongezea uwezo. Pale lilipokwama zaidi, hasa katika hisabati na sayansi, lilifungua tena mlango kwa wageni.

Kuaga Mtambile

Ili swali hili lisionekane kuwa la mlima na misioni peke yake, inafaa kuvuka bahari hadi Pemba, mahali ambapo karibu watu wote ni Waislamu na ambapo mwalimu wa kutoka ng'ambo hafiki kwa jina la Kanisa. Mtambile ni mji mdogo katika Wilaya ya Mkoani, Mkoa wa Kusini Pemba. Uko kando ya barabara kuu itokayo bandari ya Mkoani kwenda Chake Chake, na kutoka hapo njia huchepuka kwenda Kengeja na Kangani. Pande zote ni vilima, minazi, migomba na mikarafuu. Kila asafiriye baina ya Chake Chake na bandari hupita hapo, kwa hiyo watu wa Mtambile wamezoea kuona wanaofika na wanaoondoka.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Serikali ya Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo mwezi Septemba mwaka huohuo. Mlango wa shule ulifunguliwa kwa watoto wa mkulima na mvuvi, na tangu hapo hitaji la walimu halijapungua. Kwa nyakati mbalimbali shule za visiwani zimepokea walimu wa kujitolea kutoka ng'ambo, hasa kwa masomo ya sayansi, hisabati na Kiingereza, lugha ambayo mwanafunzi wa sekondari hufundishiwa ingawa nyumbani kwake husema Kiswahili.

Mwalimu wa namna hiyo akipangiwa Mtambile, hujifunza kabla ya kufundisha. Hujifunza kumsalimu mzee kwa shikamoo na kungoja marahaba, kuvaa kwa stara, kutokula mbele za watu mchana wa Ramadhani, na kuitikia mwaliko wa siku ya Idi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Naye jembe lake ni chaki. Kidogo kidogo jina lake husahauliwa, na watu humwita Mwalimu tu. Kwa hiyo siku za kuaga zinapokaribia, anayeondoka si mgeni tena, na hilo ndilo linaloufanya uzito wa jambo hili.

Watu wa pwani wana adabu ya kuagana ambayo Mkristo wa bara anaweza kujifunza kwayo. Anayesafiri haondoki kimya. Hupita nyumba kwa nyumba, na katika kuaga huko watu huombana radhi: aliyemkosea mwenziwe kwa neno au kwa deni husema, na mwenziwe husamehe, kwa sababu hakuna ajuaye kama wataonana tena. Kisha hutolewa zawadi ndogo, kanga au mkeka au karafuu za kwenda nazo, na mgeni husindikizwa. Kumsindikiza mtu ni kumpunguzia njia. Wengine huishia barabarani, wengine hufika naye Mkoani hadi kwenye boti ya Unguja.

Kuombana radhi kunamlazimu mwalimu kuhesabu madeni yake, nayo si ya dukani tu. Ipo mada ambayo hakuimaliza. Yupo mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeanza kupenda hesabu kwa sababu yake, na ambaye mwaka wa mtihani atakuwa peke yake. Na zipo ahadi. Saa ya kuaga ni saa ya hatari kwa ulimi, maana machozi humfanya mtu aseme asichoweza. "Nitarudi," "nitakutumia vitabu," "nitakusomesha": maneno haya husemwa kwa moyo mweupe, lakini mtoto huyaweka kama hati. Mwalimu anayempenda mwanafunzi wake humwahidi kidogo na kumtimizia, na huogopa kumwachia tumaini ambalo litamgeuka kuwa uchungu.

Walio na hekima huanza kuaga mapema. Katika mwaka wa pili huketi na mwalimu mzawa, wakatayarisha masomo pamoja, wakafanya majaribio ya maabara kwa vifaa vinavyopatikana Chake Chake, si kwa vile vilivyoletwa katika sanduku kutoka Ulaya au Marekani. Siku ya kuondoka inapofika, daftari la majaribio hubaki mezani na mtu anayejua kulitumia hubaki shuleni. Pengo la mwalimu huyo huonekana, lakini somo lake huendelea. Mwingine, labda mwenye bidii kuliko wa kwanza, hufundisha vipindi vyote peke yake kwa miaka miwili, akapendwa sana, akaliliwa sana, na Jumatatu inayofuata kipindi cha fizikia kikawa kipindi cha kukaa bure. Huyo alilijaza pengo alipokuwapo, na alipoondoka pengo likarudi lilivyokuwa.

Mwaka 2020 ulifundisha jambo hili kwa ukali. Katikati ya mwezi Machi, kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, Peace Corps iliamua kuwarudisha nyumbani wafanyakazi wake wote wa kujitolea duniani, zaidi ya 7,000, wakiwamo waliokuwa Tanzania. Shule nazo zilifungwa mwezi huohuo. Wengi hawakupata nafasi ya kupita nyumba kwa nyumba, wala ya kuombana radhi, wala ya kulifunga somo. Shule zilipofunguliwa katikati ya mwaka, wanafunzi walirudi darasani na mwalimu wao hayupo. Ilikuwa kama mwaka 1920 uliorudi kwa sura nyingine: amri ilitoka mbali, muda haukuwapo, na kilichobaki kilikuwa kile tu kilichokuwa kimekwisha kukabidhiwa kabla ya amri kufika.

Waliofika kwao

Mara nyingi husahauliwa kwamba anayeaga ana safari ya pili baada ya boti na ndege, nayo ni safari ya kuizoea nchi yake. Aliyeishi mahali ambapo salamu huchukua dakika kadhaa huona upweke mahali ambapo majirani hupishana kimya. Huulizwa habari za wanyama wa porini, yeye anataka kueleza habari za watoto. Baadhi hunyamaza. Wengine hugeuza kumbukumbu kuwa kazi. Gutmann, aliporudi Ujerumani, aliishi Ehingen huko Bavaria hadi alipofariki mwaka 1966, na maandishi yake juu ya sheria na desturi za Wachagga yamebaki hazina kwa Wachagga wenyewe. Peace Corps nayo iliandika tangu mwanzo, kati ya makusudi yake matatu, kwamba aliyerudi awasaidie watu wa kwao kuwafahamu watu wa mataifa mengine. Kumbe kazi ya ualimu haikuisha. Aliyefundisha Waafrika aliagizwa kwenda kuwafundisha Wamarekani.

Kanisa nalo limejifunza kuagana bila kuachana. Tangu mwaka 1987 Dayosisi ya Iringa na Sinodi ya Saint Paul huko Minnesota wana ushirika unaoitwa Bega kwa Bega. Jina hilo lina maana. Anayesimama bega kwa bega hasimami mbele wala hasimami juu, na akienda kwao kwa muda, mwenziwe hakosi kusimama kwa miguu yake mwenyewe. Katika ushirika wa namna hiyo kuja na kurudi ni kwa pande mbili: mgeni wa jana huwa mwenyeji wa kesho, na Mtanzania naye huaga huko ng'ambo na kusindikizwa.

Mfano wa Mileto

Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 19 na ya 20, kina habari ya mwalimu aliyetoka nchi nyingine. Paulo alikaa Efeso kwa muda wa miaka mitatu, na miaka miwili kati ya hiyo alifundisha kila siku katika darasa la mtu aitwaye Tirano. Alipokuwa akienda zake hakupita kimya. Alifika Mileto, akawaita wazee wa kanisa la Efeso, akawaeleza mbele yao jinsi alivyoishi kwao na kwamba hakutamani mali ya mtu. Hakuwaahidi kurudi; aliwaambia wazi kwamba hawatamwona tena. Walilia, wakaomba pamoja, wakamsindikiza mpaka melini. Jambo la kutazamwa ni kwamba aliowaita walikuwa wazee tayari. Hakuwateua ufukweni kwa haraka huku meli ikimngoja. Kazi ilikuwa imekabidhiwa kabla ya machozi.

Hapo ndipo kipimo kilipo, kwa mmisionari wa 1920, kwa kijana wa miaka ya 1960, na kwa mwalimu anayeteremka leo kutoka Mtambile kwenda Mkoani. Kilio cha siku ya kuaga huonyesha kwamba mtu alipendwa, nalo ni jambo jema. Uimara wa kazi yake hupimwa kwa mtu aliyesimama darasani kesho yake. Kwa hiyo usharika unaoadhimisha miaka 100 una wajibu wa kuandika orodha mbili. Ya kwanza, ya waliotoka mbali wakaja kufundisha, ipo katika kumbukumbu nyingi. Ya pili ni ya walimu wazawa waliopokea chaki kutoka mikononi mwao, wakafundisha bila hema wala picha ya kumbukumbu, na wengi wao hawana mahali walipoandikwa isipokuwa katika vichwa vya wazee waliofundishwa nao. Wazee hao nao wanaaga mmoja mmoja. Inafaa waulizwe majina hayo mapema, na majina yaandikwe.